Stauti nyeusi ya kujipikia: kifurushi cha lita 10, baada ya mapishi mawili

Nianze na ukuta. Ukuta wa kabati la chini ya ngazi, katika nyumba niliyopanga hapa Leeds, ulikuwa mweupe mpaka usiku mmoja wa katikati ya Januari. Asubuhi nilirudi kutoka zamu ya usiku, nikafungua kabati nichukue ufagio, nikakuta mfuniko wa ndoo umelala kifudifudi sakafuni na michirizi myeusi imepanda ukutani mpaka karibu na mita ya umeme. Povu la rangi ya kahawa lilikuwa bado linatambaa taratibu kuelekea kwenye viatu vya baba watoto. Harufu, lazima nikiri, ilikuwa tamu sana.

Jina la duka nalihifadhi. Nilipowaandikia walinitumia ndoo kubwa zaidi bila malipo, na tukamalizana. Lakini vifurushi vya kujipikia stauti, ile bia nyeusi nzito, vinafanana kila duka, na nimewasikia Waswahili wenzangu wa huku wakiulizana kama vina maana yoyote au ni kupoteza pesa tu. Mimi nimeshapika mara mbili, Januari na Aprili, na chupa nimezifungua kwa nyakati tofauti. Kwa hiyo naongea nikiwa nimeonja.

Nililipa pauni 58. Ndani ya boksi kulikuwa na nafaka zilizoparazwa tayari, pakiti ya hopsi (maua ya kutia uchungu), kijipakiti cha hamira, mfuko wa kitambaa wa kuchujia, kipimajoto, haidromita ya kupimia sukari, mpira wa kuhamishia pombe, vizibo na mashine ndogo ya kuvigandamiza, na ile ndoo ya lita 12 iliyoniletea balaa. Chupa unatafuta mwenyewe. Sufuria pia unatafuta mwenyewe, na hilo wameliandika kwa herufi ndogo. Bahati yangu ninayo sufuria ya lita 25 tunayopikia pilau watu wakiwa na shughuli, la sivyo ningeongeza pauni nyingine 30 au 40 juu.

Nafaka ndizo zilizonifanya nikipende kifurushi hiki. Kilo 4.6 kwa jumla: kilo 3.6 za kimea cheupe cha shayiri, na zilizobaki ni za rangi na ladha, yaani shayiri iliyokaangwa gramu 300, kimea wanachokiita cha chokoleti gramu 250, kimea chenye utamu wa karameli gramu 250, na oti gramu 200. Kimea cha chokoleti hakina chokoleti hata chembe, ni rangi yake tu. Nilitafuna punje kadhaa za ile shayiri iliyokaangwa. Inavunjika kwa mlio mkavu kama buni, haina utamu wowote, na inakuachia meno kama umekula mkaa. Konzi chache tu za kitu hicho ndani ya kilo nne na nusu zinatosha kuifanya pombe nzima iwe nyeusi tii.

Mwaka 1817 Daniel Wheeler alipata hataza ya pipa la chuma la kukaangia kimea bila kukiteketeza. Kabla yake bia nyeusi za London zilitegemea kimea cha kahawia kilichokaushwa kwa moto wa kuni, ambacho kilitoa sukari kidogo. Baada yake wapishi wakaanza kutumia kimea cheupe kwa wingi na kuongeza cheusi kidogo kwa ajili ya rangi. Ndivyo kifurushi changu kilivyopangwa mpaka leo. Jirani yangu Mluhya wa Bungoma hakushangaa hata kidogo. Alichota nafaka kiganjani, akanusa, akasema, "Dada, hii ni busaa imevaa suti." Kwao unga wa mahindi hukandwa na kuachwa uchachuke, kisha hukaangwa juu ya bati motoni hadi uwe chenga za kahawia, ndipo zitiwe maji na kimea cha wimbi.

Mimi ni wa Marangu, Kilimanjaro, na mama yangu alinisomesha kwa mbege, pombe yetu ya ndizi. Ndiyo maana hatua ya kwanza haikunitisha. Unapasha maji hadi kama nyuzi 72, unatumbukiza mfuko wenye nafaka, joto linashuka lenyewe hadi 67, unafunika sufuria kwa blanketi saa nzima. Aliyewahi kutengeneza togwa anajua kinachotokea humo. Uji mzito ukitiwa kimea unalegea mbele ya macho yako na kuwa mtamu, kwa sababu kimea kinakatakata wanga na kuugeuza sukari. Ukikitia uji ungali wa moto sana kimea kinakufa, na uji unabaki uji. Mama anapima kwa kidole. Mimi nilipima kwa kipimajoto cha kwenye boksi, ambacho niligundua kinadanganya kwa nyuzi mbili nilipokilinganisha na cha jikoni. Kichunguzeni kabla hamjakiamini.

Baada ya hapo unanyanyua mfuko, unauacha udondoke, unachemsha saa nzima na hopsi. Hopsi kwa kazi yake ni msesewe wa Wazungu. Sisi kwenye mbege tunatia gome la msesewe lilete uchungu, wao wanatia maua haya yanayonuka majani mabichi. Jiko litachafuka na madirisha yatalia mvuke, fungueni hata kama nje kuna barafu. Kupoza nilipoza ndani ya beseni la kuogea, maji ya bomba ya Januari yakafanya kazi kwa dakika 40 hivi.

Sasa usafi. Karatasi ya maelekezo ina mistari miwili tu juu ya usafi, wakati ilistahili ukurasa. Mbege inanyweka siku moja au mbili baada ya kuchanganywa, haina muda wa kuharibika. Hii inakaa miezi. Kila kinachogusa pombe ikishapoa lazima kipitishwe kwenye dawa ya kuua vijidudu, na mwiko wa mti usiuingize kabisa. Nilinunua Star San, ambayo haihitaji kusuuzwa, na sijapoteza hata chupa moja kwa uchachu usiotakiwa.

Turudi kwenye ukuta. Pombe nyepesi ikiwekwa hamira inatoa povu la vidole vitatu, inatulia. Hii ni nzito, sukari yake ni nyingi mno, na hamira ikishapata joto la nyumba inakula kama mtu aliyetoka kufunga. Waliniambia nijaze lita 10 kwenye ndoo ya lita 12, nibane mfuniko, nichomeke kile kidude cha plastiki chenye maji kinachoachia hewa kwa kububujika. Usiku wa pili povu likapanda, makapi ya hopsi yakaziba tundu, hewa ikakosa njia. Mengine mmeshasoma.

Nilimpigia mama simu nikiwa bado na kitambaa cha kudekia mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema?"

Nikamweleza. Akauliza niliijaza mpaka wapi. Nikamwambia vidole vinne kutoka ukingoni.

"Na ukaifunga?"

"Nikaifunga. Karatasi ndiyo iliyosema."

Akanyamaza kidogo. "Hiyo karatasi imewahi kupika pombe?"

Mapishi ya Aprili niliyaweka kwenye ndoo kubwa waliyonitumia, na badala ya kidude nikachomeka mpira mnene kwenye mfuniko, ncha ya pili nikaizamisha kwenye chupa ya maji. Povu lilipanda vilevile, likapita kwenye mpira likamwagikia chupani, ukuta ukasalimika. Mpira huo ulinigharimu pauni mbili. Duka lenye akili lingeutia ndani ya boksi.

Lawama yangu ya pili ni hamira. Walitia kijipakiti cha gramu 5, kinachofaa bia ya kawaida. Kwa pombe nzito kama hii ni kumpeleka mtu mmoja akavune shamba la ekari kumi. Ya Januari ilisuasua siku tisa kabla haijatulia. Aprili nilinunua pakiti ya gramu 11.5 ya SafAle US-05 nikaimwaga yote, na siku ya tano kazi kubwa ilikuwa imekwisha. Hamira hiyo naisifu bila kusita, inafanya kazi safi kwenye nyuzi 18 hadi 20 na haiachi ladha zake binafsi.

Ya tatu ni ahadi. Lebo inasema stauti ya kifalme ya Kirusi, asilimia 9. Jina hilo lina historia yake. Karne ya 18 viwanda vya London vilikuwa vikisafirisha stauti kali hadi Urusi, na ikapendwa katika kasri la malikia Catherine. Lakini asilimia 9 sikuziona. Haidromita ni kijiti cha kioo kinachoelea, kwenye maji matupu kinasoma 1.000, na kadiri sukari inavyozidi ndivyo kinavyopanda. Kifurushi kiliahidi 1.090 kabla ya hamira. Mimi nilipata 1.078. Mwisho ikasimama kwenye 1.020, na tofauti hiyo ukiipigia hesabu inatoa kama asilimia 7.6. Si haba, inalaza mtu, lakini si nilicholipia.

Sababu niliielewa baadaye. Kilo 4.6 za nafaka zikibanwa kwenye mfuko mmoja zinabaki na sukari nyingi tumboni, na karatasi haikusema uzisuuze. Mara ya pili, baada ya kunyanyua mfuko, niliumiminia lita tatu za maji ya moto polepole, nikaukamua, kisha nikachemsha dakika 90 badala ya 60 maji ya ziada yapungue. Nikapata 1.086, ikashuka hadi 1.021, ambayo ni asilimia 8.5. Nafaka ni zilezile, duka ni lilelile. Kwa hiyo walichokosea ni karatasi, mzigo wenyewe hauna neno.

Kwenye chupa nilitia sukari gramu 5 kwa kila lita, nikafunga, nikasubiri. Kutoka lita 10 nilijaza chupa 17 za nusu lita, nyingine yote ni machicha chini ya ndoo. Msisahau kupima kwa haidromita siku mbili tatu mfululizo kabla ya kufunga. Kama namba bado inashuka, chupa zitapasuka, na vioo havina mzaha.

Ladha, basi. Chupa ya kwanza ya Januari niliifungua baada ya wiki tatu, kwa kiherehere. Ilikuwa na uchungu wa majivu, kama kahawa iliyosahauliwa jikoni. Nikadhani nimeharibu. Ya pili niliifungua mwisho wa Aprili, na nilidhani nimechanganya chupa. Majivu yalikuwa yamerudi nyuma, mbele kumekuja tende na sukari guru, kisha ule uchungu mzuri wa kakao unaobaki kwenye ulimi. Ukiinyanyua kwenye dirisha haipitishi mwanga, ila pembeni kabisa ya glasi kuna utepe mwembamba mwekundu kama wa zabibu. Kwa aliyezoea Guinness ya chupa ya kwetu au Castle Milk Stout, hii ni nzito zaidi na haina ule utamu wa maziwa. Kunywa taratibu, na usiitoe kwenye friji ikiwa baridi ya kuuma meno, hutasikia kitu.

Ya Aprili ni tamu tangu mwanzo, kwa sababu shayiri iliyokaangwa na kimea cha chokoleti sikuvitia pamoja na vingine. Nilivitia dakika 15 za mwisho za ile saa ya blanketi, rangi ikatoka yote na ukali ukapungua. Hili nalo halimo kwenye karatasi.

Kuna wawili wameshaniuliza bei kwa ajili ya kipaimara cha mwezi ujao. Jibu ni hapana. Uingereza tangu 1963 mtu anajipikia bia ya kunywa nyumbani bila leseni wala ushuru, lakini ukiuza hata chupa moja bila kibali umeingia kwenye kesi. Nitakuja na chupa mbili kama mgeni mwingine yeyote anavyokuja na sahani yake.

Nitanunua tena? Kifurushi kizima, hapana, vifaa ninavyo. Nafaka peke yake wanauza pauni 24, na hizo nitaendelea kuzichukua kwao, kwa sababu ni mbichi, zimeparazwa vizuri na uwiano wake umepangwa na mtu anayejua. Anayeanza na anunue, lakini aongeze ndoo ya lita 20 au zaidi, mpira mnene, pakiti kubwa ya hamira na dawa ya usafi. Ahesabu kama pauni 85 kwa yote, sufuria nje. Nyota tatu kwa boksi, nyota tano kwa nafaka.

Za Januari zimebaki nne. Mbili nimezifunga kwenye soksi na kuzificha nyuma ya pasi, maana Desemba nakwenda nyumbani na mama ameshasema nisimletee kitenge, nilete hiyo pombe iliyopaka ukuta. Ila nitaionja mimi kwanza mbele yake, amesema, kama mpikaji mwingine yeyote.