Redio ya gari la Japani haishiki stesheni: kipi ununue kwanza, kipi mwisho

Umetoa gari bandarini, IST sijui Passo sijui Spacio, kila kitu safi ila redio inaongea Kijapani na stesheni zinaishia 90. Si mbovu hiyo. FM ya Japani kwa miaka mingi ilikuwa 76 mpaka 90 (redio zao za karibuni zinafika 95), sisi huku ni 87.5 mpaka 108, kwa hiyo mnakutana kipande kidogo tu, kwa Dar Wasafi 88.9 utaipata, EFM 93.7 sahau kama redio yako inaishia 90. Sasa hapo ndo watu wanakimbilia Kariakoo kufunga skrini ya Android, ile redio mpya yenye skrini kama simu kubwa, na mi nasema tulia kwanza, maana kwa upangaji wangu hiyo skrini ni ya mwisho kabisa.

Namba moja ni bure: piga muziki wa simu yako kupitia redio hiyo hiyo. Redio nyingi za Kijapani zenye skrini zina Bluetooth humo humo ndani, imejificha tu kwenye yale maandishi. Fungua Google Translate, elekezea kamera kwenye menyu, pekua taratibu utaikuta. Kama haimo, tafuta tundu la AUX, lile la kuchomeka waya wa sauti kutoka kwenye simu, linaweza kuwa chini ya redio au ndani ya droo ya abiria au kwenye kile kiboksi cha katikati ya viti. Ila angalizo, ukikuta memori kadi humo usiichomoe ukaijaze bongofleva, mara nyingi ndo ya ramani, na kuna redio bila hiyo kadi haziwaki kabisa. Hata betri usitoetoe hovyo, kuna redio zikikosa umeme zinajifunga zinadai namba ya siri, ukawashe tena ni hela ya fundi.

Namba mbili, kiresiva cha Bluetooth cha kuchomeka kwenye AUX. Kidogo kama flashi, kina betri yake, na sauti inapita kwenye waya kwa hiyo ni safi kuliko modyuleta yoyote utakayouziwa (kile kidude kinachorusha muziki wa simu kwenye redio kama stesheni ya FM). Waya wa AUX wenyewe nao poa tu ila simu nyingi za sasa hazina tundu la earphone. Ukisikia mvumo unaopanda kila ukikanyaga mafuta, ujue ni kwa sababu unachaji kwenye gari huku unapiga muziki, chomoa chaja usikilize, mvumo ukipotea basi nunua kile kichujio cha kelele kinachokaa katikati ya waya, cha bei ndogo tu.

Namba tatu ndo modyuleta, ile ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Ni ya asiye na AUX. Kosa la wengi ni kwamba inakuja imewekwa 100 na kitu, redio yako inaishia 90, hausikii kitu unairudisha dukani unagombana na muuzaji wa watu. Iweke kati ya 87.5 na 89.9, mahali ambapo hakuna stesheni, na ukisafiri Moro au Dodoma huenda ukabadilisha tena njiani. Kupigia simu siipendi, maiki iko kule chini, ukishusha vioo mwenzako anasikia upepo tu.

Namba nne, ekspanda. Hii inafungwa nyuma ya redio kwenye waya wa antena, inazishusha stesheni ziingie kwenye namba za Kijapani, mfano ikiwa ya 12 basi EFM utaikuta 81.7. Muulize muuzaji inashusha ngapi, la sivyo utakuwa unabahatisha. Nimeiweka chini kwa sababu haikupi muziki wa simu, lakini kama gari ni la mzee anayetaka taarifa ya habari na mpira bila kula bando, kwake hii iwe namba moja wala usibishane naye.

Mwisho Android. Chukua kama unataka kamera ya nyuma na ramani kubwa, si kwa ajili ya muziki tu. RAM (memori ya kuendeshea programu) ya 1GB achana nayo, itakwama kwama, anzia 2GB, na usiamini stika ya kwenye boksi, waambie waiwashe ufungue ramani na muziki kwa pamoja palepale. Nafasi ya redio kwenye Toyota nyingi ina upana wa sentimita 20 wakati skrini za kawaida ni 18, kwa hiyo dai fremu ya gari lako, na dai soketi yake ili fundi asikate nyaya. Waya wa njano ni umeme wa muda wote, mwekundu ni wa kwenye swichi, na fundi mwenye haraka anaiunga yote kwenye njano, asubuhi gari haliwaki. Akimaliza kufunga zima gari, chomoa ufunguo, subiri kidogo, skrini ikiendelea kuwaka usimlipe mpaka arekebishe.