Boksi gani ununue la kuchezea video za HD na 4K nyumbani

Mtu akirekodiwa harusi siku hizi hapewi DVD. Anapewa flashi au diski ya nje, na ndani kuna faili la saa mbili la 4K. Ndugu wanajaa sebuleni, flashi inachomekwa kwenye TV, na TV inaandika kwamba faili halisomeki. Au picha inakuja bila sauti. Au inacheza dakika tatu kisha inaganda. Lawama zote zinamwangukia mpiga video, wakati mara nyingi faili lake ni zima kabisa. Kinachokosekana ni kifaa cha kulifungua. Hapa chini nimevipanga vifaa hivyo kuanzia unachopaswa kukijaribu mwanzo hadi usichopaswa kukigusa.

Kwanza ulijue faili lenyewe. Jina kuishia na .mp4 au .mkv halikuambii mengi, maana hilo ni furushi tu. Cha maana ni namna picha ilivyobanwa ndani yake, yaani kodeki. H.264 ilitoka mwaka 2003 na karibu kila kifaa kinaifungua. H.265, ambayo wengi wanaiita HEVC, ilitoka 2013. Inabana zaidi, faili linaweza kukaribia nusu ya ukubwa kwa ubora uleule, na iPhone zimekuwa zikirekodi kwayo tangu iOS 11 ya mwaka 2017. AV1 ya 2018 utaikuta zaidi YouTube kuliko kwenye flashi. Chipu ya kifaa ikiwa imetengenezwa kufungua kodeki fulani, video inateleza. Isipokuwa hivyo, prosesa inajaribu kuifanya kazi hiyo peke yake, inapata moto, na picha inaanza kukatakata. Kwa hiyo swali la dukani ni hili: chipu yenyewe inafungua H.265 ya biti 10 (yenye rangi laini zaidi kuliko ya biti 8) kwa 4K? Ukubwa wa RAM uje baadaye.

Jaribu TV uliyonayo

Nafasi ya kwanza haina gharama: tundu la USB la TV yako. TV nyingi za 4K za miaka ya karibuni zinafungua H.265, na anayetazama video za familia tu hana sababu ya kuongeza kifaa na rimoti nyingine sebuleni. TV ikikataa, chunguza mambo mawili kabla ya kutoa pesa.

Moja ni flashi ilivyoformatiwa. FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili kwenye flashi, haibebi faili linalofika GB 4, na kwa video ya leo GB 4 ni kidogo mno. iPhone ikirekodi 4K kwa fremu (picha) 30 kwa sekunde inakula takriban MB 170 kwa dakika, kwa hiyo dakika ya 24 umeshafika ukingoni. Kamera inayoandika megabiti 100 kwa sekunde inafika hapo kabla ya dakika ya 6. Ndiyo maana video za sherehe hukatwa vipande vipande ili zienee. Mwombe fundi akuwekee kwenye flashi ya exFAT, mfumo usio na kikomo hicho, ila mwambie kwanza TV yako ni modeli gani, kwa sababu TV za zamani nyingi hazisomi exFAT na baadhi zinakubali NTFS, mfumo wa Windows.

Jingine ni sauti, na hili ndilo linalowatesa watu zaidi. Mafaili mengi ya .mkv yana sauti ya DTS, yaani kodeki ya sauti ya sinema. Samsung iliacha kuisoma kwenye TV zake kuanzia matoleo ya 2018. LG nayo ikaiacha kwa matoleo ya 2020, ikairudisha kwenye baadhi ya modeli za 2023. Unakuta mtu ana TV ya pesa nyingi, picha safi kama kioo, na sabufa iko kimya. Fundi ataibadilisha spika bila kupata kitu, maana hakuna kilichoharibika. Kama TV yako inatumia Android au Google TV, kama zilivyo nyingi za Sony na TCL, ingiza VLC, programu ya kuchezea video, bure kutoka Play Store. Inaifungua DTS yenyewe na kuipa TV sauti ya kawaida. TV za Samsung na LG zina mifumo yao, kwa hiyo hapo ndipo boksi linapoanza kuwa na maana.

Ukinunua, anza na Xiaomi TV Box S

Kwa sebule nyingi hili ndilo chaguo langu. Toleo la pili, lililotoka 2023, lina chipu inayofungua H.264, H.265 na AV1 hadi 4K kwa fremu 60, linajua HDR10 na Dolby Vision (mifumo ya kuongeza mwanga na rangi za picha), na linatumia Google TV iliyothibitishwa na Google wenyewe. Toleo la tatu limekuja 2025 likiwa na hifadhi ya GB 32 badala ya GB 8, na kama tofauti ya bei si kubwa chukua hilo. Bado utakuta madukani Mi Box S ya 2018. Hiyo haifungui AV1, lakini kwa H.265 inafanya kazi, na ikiuzwa kwa bei ya chini kweli haina ubaya.

Toleo la pili lina kasoro zake. Lina tundu moja tu la USB, na ni USB 2.0. Kasi hiyo wala isikutie wasiwasi: hata diski halisi ya Blu-ray ya 4K haizidi megabiti 128 kwa sekunde, na USB 2.0 inabeba zaidi ya hapo. Shida ni umeme. Diski ya nje inayozunguka inataka nguvu kuliko tundu hilo linavyotoa. Utaisikia inagonga tik, tik, tik, kisha inapotea kwenye skrini. Tumia flashi, au SSD ndogo, au nunua kigawanyishi cha USB chenye adapta yake ya umeme. Pia halina tundu la waya wa intaneti, kwa hiyo anayevuta mafaili makubwa kutoka kompyuta ya chumba kingine atategemea WiFi.

Usichanganye boksi hili na vijiti vya kuchomeka nyuma ya TV, hata vya kampuni hiyohiyo. Xiaomi TV Stick 4K ni nzuri kwa YouTube, lakini haina tundu la kuchomeka flashi. Kwa kazi tunayoizungumzia utajikuta unatafuta waya wa kuunga na adapta, na raha yote inaisha.

Ukilifikisha boksi nyumbani, weka VLC kwa matumizi ya haraka na Kodi kama una mkusanyiko mkubwa. Kodi ilianza mwaka 2002 ndani ya mashine ya michezo ya Xbox, na jina hili ililipata 2014. Ni programu ya bure na inakuja tupu. Anayekuuzia "Kodi yenye chaneli zote" amekuwekea vitu vya watu wengine ambavyo havina uhusiano na waliotengeneza programu.

Kuna mpangilio mmoja ambao natamani kila mwenye boksi aujue. Sinema hurekodiwa kwa fremu 24 kwa sekunde, na wapiga video wengi wa kwetu wanatumia 25 au 50, urithi wa PAL, mfumo wa zamani wa matangazo ya TV. Boksi likitoka kiwandani linatuma picha kwa mwendo wa fremu 60. Hesabu hizo hazigawanyiki sawasawa, kwa hiyo kamera ikizunguka taratibu ukumbini, maharusi wanaonekana wakirukaruka kidogo. Watu huzoea na kudhani ndivyo video ilivyo. Ingia Kodi, nenda Settings, Player, Videos, tafuta Adjust display refresh rate, uiweke On start / stop. Skrini itazima sekunde moja video inapoanza, kisha mwendo utatulia. Ukishauona mwendo ulio sahihi hutataka kurudi kwenye ule wa zamani.

Laptopu ya mtumba: ya pili, na kwa wengine ya kwanza

Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli Avenue ya Nairobi zimejaa laptopu na kompyuta ndogo za mezani zilizotumika ofisini Ulaya na Ghuba. Kwa kucheza video, moja ya hizo inaweza kulishinda boksi: inasoma diski ya mfumo wowote, ina matundu ya kutosha, na VLC yake inafungua karibu kila kitu. Hata laptopu iliyopasuka kioo inafaa, maana kioo chako ni TV, na hapo bei inashuka sana.

Soma namba ya prosesa. Kwenye Intel i5-7200U, ile 7 inayoanza ndiyo kizazi. Kuanzia kizazi cha 7, chipu inafungua H.265 ya biti 10. Kizazi cha 6 kinafungua ya biti 8 tu, na chini ya hapo usinunue kwa ajili ya 4K, ingawa kwa HD ya H.264 zinatosha kabisa. AV1 inaanzia kizazi cha 11. Jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi ni kwamba laptopu nyingi za kizazi cha 7 na cha 8 zinatoa 4K kwa mwendo wa 30 tu kupitia HDMI. Kwa sinema na harusi za fremu 24 au 25 hilo si tatizo; kwa video ya fremu 50 litaonekana. Kompyuta ndogo za HP, Dell na Lenovo za ofisini nazo ziangalie nyuma kabla ya kulipa, kwani nyingi zina DisplayPort badala ya HDMI na zinahitaji adapta.

Kwa nini basi sijaiweka juu ya boksi? Kwa sababu ya mama na watoto. Boksi lina rimoti na linawaka kama TV. Laptopu inataka kipanya na kibodi isiyo na waya, ina feni inayovuma, na siku moja itaamua kusasisha Windows wageni wakiwa wamekaa.

Vingine

Nvidia Shield TV Pro ya 2019 ni ya mwenye TV kubwa na mfumo wa spika wa kweli. Ina matundu mawili ya USB 3.0 na ya waya wa intaneti wa gigabiti, inapitisha sauti za kuzunguka za Dolby Atmos na DTS:X hadi kwenye resiva (kifaa kinachoendesha spika) bila kuzigusa, na Nvidia wameendelea kuipelekea masasisho kwa miaka. Ilitoka Marekani kwa dola 199, na ikifika huku inazidi hapo. Haifungui AV1. Kama sauti yako inatoka kwenye sabufa ya kawaida, pesa hizo zitakuwa zimelipia kitu usichokisikia.

Raspberry Pi 4 au 5, kompyuta ndogo ya kibao kimoja, ikiwekwa LibreELEC, mfumo wa kuendesha Kodi tu, inakuwa kichezea Kodi safi na kisichokula umeme. Nampendekezea mtu anayefurahia kufungua na kufunga vitu mwenyewe; mwingine atachoka. Apple TV 4K ina picha nzuri sana lakini haina tundu la diski, kwa hiyo inamfaa aliyeweka mafaili yake kwenye kompyuta yenye Jellyfin au Plex, programu za kusambaza video kwenye mtandao wa nyumbani. Ving'amuzi vyenye USB usivinunue kwa kazi hii: vingi vinaishia H.264.

Usichonunua

Ni yale maboksi yasiyo na kampuni inayojulikana, yenye stika ya "8K", "Android 13" na namba kubwa za RAM, yanayouzwa kwa bei ya kushangaza. Namba hizo mara nyingi ni za uongo, na programu kama AIDA64 itakuonyesha chipu halisi iliyomo. Lakini uongo wa stika ni jambo dogo. Januari 2023 boksi la T95 liligunduliwa likiwa na programu hasidi iliyowekwa tangu kabla ya kufika kwa mnunuzi. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu mtandao wa vifaa vya aina hii uitwao BADBOX 2.0, na mwezi uliofuata Google ikawafungulia kesi waendeshaji wake, ikisema umeambukiza vifaa zaidi ya milioni 10. Kazi mojawapo ya programu hizo ni kupitisha shughuli za watu baki kwenye intaneti ya nyumba yako. Kwa anayelipia bando, hiyo ni pesa inayotoka mfukoni kila siku, na uhalifu ukifanyika, anwani ya intaneti itakayoonekana ni yako. Kulifuta na kulirudisha boksi upya hakusaidii mara nyingi, kwa sababu uchafu umo kwenye mfumo wenyewe.

Kabla ya kulipa, boksi liwashwe dukani. Fungua Play Store, gusa picha ya akaunti, nenda Settings, kisha About, uone kama kifaa kimethibitishwa na Play Protect, huduma ya usalama ya Google. Kisha toa flashi yako mwenyewe, siyo ya muuzaji, ikiwa na mafaili matatu: video ya 4K ya H.265 kutoka simu au kwa mpiga video, .mkv yenye sauti ya DTS, na faili moja linalozidi GB 4. "Kaka, naomba unijaribishie haya matatu kwanza." Mwenye bidhaa nzuri atakwambia hakuna shida. Sogeza kila video hadi katikati, usiishie dakika ya kwanza, sikiliza sauti, na gusa boksi uone lina joto kiasi gani baada ya dakika kumi. Likipita, risiti iandikwe jina kamili la modeli na toleo lake, maana risiti iliyoandikwa "TV box 1" haitakusaidia ukirudi na tatizo wiki ijayo.