Kupima macho kwa kompyuta Kariakoo: kwa mtoto aliyeathiriwa na valproeti tumboni hakutoshi

Maduka mengi ya miwani Kariakoo na Posta, Dar es Salaam, yanapima macho kwa kompyuta, dakika chache tu mtu ametoka na namba yake. Kwa mtu mzima ni huduma nzuri. Kwa mtoto ambaye mama yake alitumia valproeti, dawa ya kifafa, akiwa mjamzito, msinunue miwani kwa karatasi ile peke yake.

Watoto walioathiriwa na dawa hiyo tumboni mara nyingi hupata shida ya kutoona mbali, na wengine makengeza. Sasa mtoto akichungulia kwenye mashine, misuli ya jicho hujikaza kama anayetazama kitu cha karibu. Namba inakuja kubwa kuliko ukweli, naye anavishwa miwani mikali isiyo yake. Kinachotakiwa ni matone ya kulegeza misuli hiyo, saiklopentoleti ya asilimia 1, au 0.5 kwa aliye chini ya mwaka. Baada ya dakika 30 hadi 40 misuli imelegea, na mpimaji anammulika jichoni kwa retinoskopu, kifaa cha mwanga cha kupimia macho, huku akibadilisha lenzi. Mtoto hasomi herufi wala haulizwi kitu, kwa hiyo hata wa miezi sita anapimika. Mwanga utamsumbua hadi kesho yake, bebeni kofia. Kama naye hupata degedege, semeni kabla ya tone la kwanza, maana dawa hii inaweza kuichochea.

Kosa jingine ni la makengeza. Wengi wa watoto hawa wana pua bapa na kikunjo cha ngozi kwenye kona ya ndani ya jicho, hivyo huonekana wana makengeza hata kama hawana. Mulika tochi ndogo usawa wa pua, urefu wa mkono. Nukta ya mwanga ikikaa mahali pamoja kwenye mboni zote mbili, macho yamenyooka. Ikihama kwenye jicho moja, muoneni daktari mapema. Makengeza huweza kuleta jicho vivu, yaani jicho ambalo ubongo haulitumii vizuri, nalo hutibika vizuri zaidi kabla ya miaka 7.

Nendeni kliniki ya macho ya Muhimbili au hospitali ya CCBRT Msasani, na kadi ya ujauzito iliyoandikwa dawa na dozi. Na mama asiache vidonge ghafla, kifafa kikimshika kinaweza kumuua. Kubadilishiwa dawa, kwa mfano kupewa lamotrijini, dawa nyingine ya kifafa, kupangwe na daktari wake kabla ya mimba nyingine.