Kusajili mkataba wa pango Pune: uzoefu wangu na wakala niliyemlipa

Nipo Pune, jimbo la Maharashtra, tangu 2023 nilipokuja kusoma, na kati ya huduma zote nilizolipia hapa hakuna iliyonipa amani kama kusajiliwa kwa mkataba wangu wa pango. Naandika kwa ajili ya ndugu zangu wa Tanzania, Kenya na kwingineko wanaopata nafasi za masomo India, hasa watakaopanga uraiani badala ya kukaa hosteli. Wengi wanafika wakiwa wamejiandaa kwa visa na ada, ila mkataba wa nyumba haumo kabisa kwenye hesabu zao.

Dar tumezoea mambo mepesi. Dalali anakuonyesha nyumba, unalipa kodi ya miezi sita au mwaka, yeye anachukua ya mwezi mmoja, mnajaza fomu ya mkataba iliyonunuliwa stationery na mnamaliza. Huku kodi unalipa mwezi kwa mwezi, jambo ambalo ni nafuu kubwa kwa mwanafunzi, lakini karatasi yenyewe ina uzito ambao kwetu haina. Mwenye visa ya wanafunzi ya zaidi ya siku 180 anatakiwa ajiandikishe FRRO, ofisi inayoshughulikia wageni, ndani ya siku 14 tangu kuingia nchini. Maombi yanafanyika mtandaoni, na kwenye viambatanisho wanataka uthibitisho wa makazi: taarifa ambayo mwenye nyumba anaijaza ndani ya saa 24 baada ya kumpokea mgeni (nilipokuja iliitwa Fomu C), pamoja na mkataba wa pango. Ukienda kufungua akaunti ya benki au kusajili laini ya simu, unaulizwa anwani hiyohiyo. Ndiyo maana nasema huu mkataba uwe kitu cha kwanza unachokishughulikia ukishashusha begi.

Sasa, Maharashtra ina sheria yake. Sehemu nyingine za India, kama Delhi na Bengaluru, utakuta mikataba ya miezi 11, kwa sababu Sheria ya Usajili ya 1908 inataka pango linalozidi mwaka mmoja lisajiliwe, na watu wanaishia miezi 11 ili wakwepe hiyo hatua. Wananunua karatasi ya stempu, wanasaini, wanagongesha muhuri wa notari, yaani wakili anayethibitisha saini, basi. Maharashtra njia hiyo imefungwa. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya 1999 kinataka kila mkataba wa aina hii uandikwe na usajiliwe, hata kama ni wa miezi michache, na jukumu la kuusajili ni la mwenye nyumba. Asipofanya hivyo anaweza kufungwa hadi miezi mitatu, kutozwa faini isiyozidi rupia 5,000, au vyote viwili. Na kuna sehemu inayomlinda mpangaji moja kwa moja: mkataba usiposajiliwa, maelezo ya mpangaji kuhusu masharti waliyokubaliana ndiyo yanayochukuliwa kuwa kweli mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Pamoja na hayo, mzee mwenye nyumba yangu alianza na maneno ambayo utayasikia kila mtaa: notari inatosha, wapangaji wote waliopita walifanya hivyo. Ni mtu mwema, ananiita "beta", mwanangu, na mke wake alituletea chapati siku tuliyohamia. Lakini wema wa mtu hauambatanishwi kwenye maombi ya FRRO. Nilimwambia kwa heshima kwamba gharama ya usajili niko tayari kuibeba nusu, na kwamba kifungu cha 55 kinamgusa yeye kuliko mimi. Akakubali.

Gharama zenyewe hazitishi. Ushuru wa stempu ni asilimia 0.25 ya jumla ya kodi ya kipindi chote, ukijumlisha na riba ya kukadiria ya asilimia 10 kwa mwaka juu ya amana unayorudishiwa. Kodi yetu ni rupia 18,000 kwa mwezi, na amana tuliweka 40,000. Kwa mwaka kodi inafika 216,000, riba ya kukadiria ni 4,000, jumla 220,000, kwa hiyo ushuru ni rupia 550. Ada ya usajili mjini ni rupia 1,000. Kinachobaki ni ujira wa wakala anayekuandalia mkataba na kuushughulikia usajili, na hapo bei zinatofautiana sana, kwa hiyo waulize angalau wawili na udai mchanganuo. Anayekutajia jumla tu bila kutenganisha pesa ya serikali na yake, mwache. Wa kwangu alinitumia risiti za malipo ya serikali bila kuombwa, na nilimheshimu kwa hilo.

Wakala huyu ana kiofisi kidogo karibu na duka la fotokopi huku Kondhwa. Alinitumia kwa WhatsApp orodha ya vitu vya kuleta: kutoka kwa mwenye nyumba bili ya umeme na hati ya umiliki, kutoka kwangu pasipoti, visa na barua ya chuo, halafu mashahidi wawili wenye vitambulisho. Jioni hiyohiyo rasimu ikafika.

Kazi yake nzuri zaidi ilikuwa kutukalisha wawili, mimi na mzee, na kupitia kifungu kimoja baada ya kingine, kwa Kihindi upande wa mzee na Kiingereza upande wangu. Rasimu nyingi zinatoka kwenye kiolezo, na kiolezo kimeandikwa kwa kumfikiria mwenye nyumba. Yetu ilikuwa na sentensi kwamba mpangaji akihama, gharama ya kupaka rangi itakatwa kwenye amana, bila kutaja kiasi. Niliomba kiwekwe kikomo, na mzee akataja mwenyewe nusu ya kodi ya mwezi. Kulikuwa na kipindi cha miezi sita ambacho hakuna anayeruhusiwa kuvunja mkataba. Tukaongeza kwamba mpangaji akikatishiwa masomo au visa, kipindi hicho hakimbani, atatoa notisi ya mwezi mmoja. Tukaandika pia kwamba amana itarudishwa siku ya kukabidhi funguo, na kwamba mchango wa kila mwezi wa sosaiti, yaani chama cha wenye nyumba wa jengo, kwa ajili ya ulinzi, lifti na usafi, anaulipa mwenye nyumba. Hili la mwisho lisikupite. Rafiki yangu wa Viman Nagar alikuwa analipa kodi halafu kila mwezi anadaiwa mchango wa jengo ambao hakuna aliyemtajia.

Kilichoniudhi ni tangazo lake. Liliandikwa kwamba anakuja mpaka nyumbani na mashine ya alama za vidole, hakuna foleni. Baada ya kupokea malipo ya awali ndipo akasema usajili wa nyumbani unahitaji kila mhusika awe na Aadhaar, kitambulisho cha wakazi wa India chenye alama za vidole, kwa sababu mfumo unahakiki vidole hapohapo. Mimi nilikuwa na pasipoti tu. Kwa hiyo ikabidi twende sote ofisi ya msajili, moja ya zile ambazo Pune zinaitwa Haveli na kupewa namba. Mzee ana magoti mabovu, na ofisi iko ghorofani. Wakala alijua tangu mwanzo kwamba mteja wake ni mgeni, na bei hakupunguza hata rupia. Kwa hilo namkata nyota moja bila kusita. Mtu anayehudumia wanafunzi wa kigeni anapaswa kuwaambia hili kabla hajapokea hata senti.

Ofisini penyewe mambo yalikwenda. Unasubiri namba yako, unakaa mbele ya kamera ndogo, unapigwa picha, unaweka kidole gumba kwenye kisomaji, unasaini, mashahidi nao vilevile. Kabla hujaweka kidole, omba uone majina kwenye skrini. Hati itakayotoka ina muhtasari uitwao Index II, nao umeandikwa kwa Kimarathi. Jina langu la ukoo lilikuwa limeangushwa silabi. Mimi hayo maandishi siyasomi, ila mwanafunzi mwenzangu aliyekuja kama shahidi aliliona, akalisoma kwa sauti mara mbili kumwonyesha karani, na likarekebishwa palepale. Kama ungekuwa umeshasajiliwa, kurekebisha kungekuwa safari nyingine kabisa. Mchukue mtu anayesoma Kimarathi hata kama si shahidi.

Hati iliyosajiliwa niliipata kama faili la PDF na nakala yenye mihuri. Wakala akamsaidia mzee kujaza taarifa za mpangaji za polisi mtandaoni, kwa bei ileile, na akamwelekeza namna ya kujaza Fomu C, maana mzee hajawahi kupangisha mgeni. FRRO hawakunirudishia maombi. Kamati ya sosaiti, ambayo ilikuwa imeanza kuuliza maswali kuhusu "hawa wanafunzi wa Afrika", ilipopewa nakala yenye Index II ikaandika majina yetu kwenye daftari la getini na maswali yakaisha. Hapa niseme wazi: kuna majengo yatakayokukataa kabla hata hujafungua mdomo, kwa kuwa hujaoa, kwa kuwa unapika nyama, au kwa rangi yako. Inauma, na mkataba hauondoi hilo. Ila mlango ukishafunguliwa, hati iliyosajiliwa inafanya iwe vigumu sana kwa yeyote kukufungia tena.

Wanaokwenda Bengaluru wajue kwamba desturi ya huko ni amana kubwa, zamani ilikuwa kodi ya miezi kumi, na bado wapo wanaoitaka. Sheria ya mfano ya upangaji ya 2021 inaweka kikomo cha miezi miwili kwa nyumba za kuishi, lakini inaanza kufanya kazi pale tu jimbo lenyewe linapoipitisha. Itaje wakati wa kujadiliana, ila usiitegemee.

Mwaka wa pili tulirudi kwa wakala yuleyule. Mgeni aliyekaa India siku 182 au zaidi ndani ya miezi 12 anaruhusiwa kuomba Aadhaar, nami nilikuwa nimeshapata yangu. Safari hii alikuja kweli nyumbani na kompyuta yake na kisomaji cha vidole, mzee akaweka kidole akiwa amekaa kwenye kochi lake, na vile vifungu vyetu vya rangi, visa na amana vikabaki kama tulivyoviandika. Nampa nyota nne.