Valvu za kurekebisha mtiririko na akchueta zake: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Nianze na kosa ninalokutana nalo sana na linaniuma maana linakula hela ya watu bure. Mtu ana bomba la DN80 (yaani saizi ya kama milimita 80), anaenda kununua valvu ya DN80, anajua kamaliza. Kwa valvu ya kufungua na kufunga tu hapo hana shida, lakini kama kazi yake ni kurekebisha mtiririko, yaani kuongeza na kupunguza muda wote kwa kufuata signali, saizi ya bomba haikwambii kitu, kinachokwambia ni Kv. Kv ni mita za ujazo za maji zinazopita kwa saa moja wakati presha inayopotea kwenye valvu ni bar 1. Wamarekani wana ya kwao, Cv, inayohesabu galoni kwa dakika wakati presha inayopotea ni psi 1, na ukizidisha Kv kwa 1.156 ndo unapata Cv, kwa hiyo ukisoma namba kwenye datashiti angalia kwanza ni ipi kati ya hizo mbili.

Chukua mfano huu. Unahitaji maji mita za ujazo 18 kwa saa na una bar 1 ya kupoteza kwenye valvu, Kv yako ni 18. Presha ikiwa nyingine, gawanya mtiririko kwa kipeuo cha pili cha hiyo presha, kwa hiyo ukiwa na bar 4 za kupoteza Kv inashuka hadi 9. Sasa valvu nyingi za globu (zile za plagi inayoshuka juu ya siti, yaani kiti chake cha kufungia) za DN80 zinakuja na Kv ya karibu 100 zikiwa wazi kabisa, za DN40 karibu 25. Ukiweka ile ya DN80 ya linia (mtiririko unaongezeka sawasawa na inavyofunguka), kwenye mtiririko wako wa juu kabisa itakuwa imefunguka asilimia 18 tu, ukipunguza maji kidogo plagi inaanza kugusagusa siti, inachezacheza juu chini haitulii, na siti inalika. Ile ya DN40 itakaa kama asilimia 72, hapo ni pazuri. Valvu ya kurekebisha iishi kati ya asilimia 20 na 80, hiyo ndo kanuni yangu. Kwa hiyo weka ridyusa (kipande cha kupunguza saizi ya bomba) pande zote mbili, nunua ndogo, na chenji inayobaki nunulia pozishona ya maana, yaani kile kifaa kinachohakikisha valvu imefika pale signali ilipoagiza.

Haya, tuzipange sasa, na hapa napanga kwa kazi ya kurekebisha mtiririko, sio kwa bei.

Namba 1 ni globu, na sisiti kabisa. Maji yanapinda ndani yake, plagi inashuka taratibu juu ya siti, kila milimita ya shina ina maana yake, ndo maana inakutii. Unaweza kuchagua tabia yake pia. Ya linia inafaa pale ambapo presha inayopotea haibadilikibadiliki, mfano kushika kimo cha tangi. Ya asilimia sawa, ambayo kila hatua ya shina inaongeza mtiririko kwa asilimia ileile ya ule uliokuwepo, inafaa pale pampu na mabomba yanapokula presha kadri maji yanavyoongezeka, na viwandani hiyo ndo hali ya kawaida, so ukiwa huna hakika chukua asilimia sawa. Jambo lingine linaloiweka juu ni kavitesheni. Maji yakipita pembamba mwendo unapanda presha inashuka, ikishuka chini ya presha ya mvuke ya maji yale yale viputo vinazaliwa, halafu presha ikirudi juu viputo vinabomoka na kutafuna chuma, unasikia kama kokoto zinapita kwenye bomba. Globu inahimili hili kuliko valvu za boli (tufe) au kipepeo kwa sababu presha hairudi juu kwa kiasi kikubwa baada ya ule wembamba, na kukiwa na tofauti kubwa ya presha unaweka keji yenye vitundu vingi ambayo inashusha presha kwa hatua. Ubaya wake, ni nzito, inakula presha hata ikiwa wazi kabisa, na ukivuka DN150 hivi bei inaanza kukimbia. Na usitegemee ifunge kabisa, ya siti ya chuma ya daraja la IV la uvujaji inaruhusiwa kuvuja hadi asilimia 0.01 ya uwezo wake, hata hujaonewa. Ukitaka ifunge kweli omba siti laini ya daraja la VI, au weka valvu nyingine ya kufunga mbele yake.

Namba 2, boli ya V. Ni kipande cha tufe kilichokatwa mfano wa herufi V, inazunguka robo tu. Naipenda sana kwa majimaji machafu, rojo la karatasi, vitu vyenye nyuzinyuzi, maana ile V inakata kama mkasi wakati inafunga. Mtiririko mdogo na mkubwa inaumudu wote, uwiano zaidi ya 100 kwa 1 wakati globu ya kawaida iko kama 50 kwa 1. Ila kwa presha kubwa ya kupoteza kwenye maji safi ya moto mimi narudi kwenye globu.

Namba 3 ni kipepeo, ile ya diski inayozunguka ndani ya bomba, na ukifika DN200 kwenda juu inapanda kuwa namba 1 kwa sababu ya uzito na bei tu. Ila ielewe, inarekebisha vizuri ikiwa imefunguka kati ya digrii 30 na 60 hivi, chini ya hapo inatetemeka, juu ya hapo ukiizungusha hakuna kinachobadilika. Ile yenye raba ndani ni ya maji ya kawaida na hewa, kwa stimu na presha kubwa tafuta yenye diski iliyowekwa pembeni ya senta, ofseti mbili au tatu.

Diaframu, inayofunga kwa utando laini, naiweka ya 4, sio kwa ubaya, ni kwa sababu ina kazi zake maalum: asidi, dawa, vyakula, popote ambapo hutaki majimaji yaguse shina wala pakingi inayoziba pembeni ya shina. Presha na joto haivumilii sana. Sindano ni ya vibomba vidogo vya vipimo na sampuli, basi.

Boli ya kawaida ya tundu la mviringo ni valvu nzuri mno, lakini ya kufungua na kufunga. Ukiiacha nusu wazi maji yanaenda kasi pembeni ya siti ya PTFE (plastiki laini), siti inalika upande mmoja, na siku ukitaka kuifunga haifungi tena.

Ya mwisho kabisa ni geti, ile ya kabari inayopanda na kushuka kukata njia ya maji. Nilishawahi kuitwa kwenye kiwanda kimoja wanalalamika valvu inapiga kelele usiku kucha, nikaenda nikakuta geti imefunguliwa robo ili kupunguza maji ya kupozea mashine, na imekaa hivyo miezi. Tulipoifungua, kabari imelika chini kama imepigwa tupa na siti ina mifereji. Hapo hakuna matengenezo, ni kutupa. Geti iwe wazi kabisa au imefungwa kabisa, katikati hamna kazi yake.

Tuje kwenye akchueta, yaani kifaa kinachosogeza valvu badala ya mkono, na hapa watu wanauliza umeme au hewa wakati swali la kwanza ni lingine: umeme ukikatika au hewa ikiisha, unataka valvu iende wapi? Valvu ya mafuta ya boila lazima ifunge. Ya maji ya kupozea mara nyingi unataka ifunguke. Jibu hilo kabla hujaongea na muuzaji, maana akchueta ya hewa ya kupush pande zote mbili bila springi hewa ikikata haikuhakikishii kitu, na ya mota ya umeme ya kawaida inabaki pale pale ilipokuwa.

Kwa sababu hiyo mimi namba 1 naipa ya hewa yenye diaframu na springi kwa globu. Ni dizaini ya zamani, ilikuwa inafanya kazi kwa hewa ya psi 3 hadi 15, siku hizi unaweka pozishona inayopokea signali ya miliampia 4 hadi 20 na inahakikisha shina limefika kweli ulipoagiza. Hewa ikipotea springi inarudisha. Kwa boli na kipepeo chukua ya pistoni zenye meno, nayo iwe na springi. Ila hewa iwe kavu na safi jamani. Kompresa bila draya (kikausha hewa) inapeleka maji na mafuta mpaka kwenye pozishona, vitundu vyake vidogo vinaziba, halafu lawama zinaenda kwa valvu.

Ya umeme inafuata, na kama huna kompresa ndo inakuwa chaguo lako la kwanza, usianze kununua mtambo mzima wa hewa kwa valvu mbili. Angalia mota imetengenezwa kwa kurekebisha au kwa kufungua na kufunga tu, maana ya kufungua na kufunga ukiipa kazi ya kusogea muda wote inachemka na kuungua, na huu ndo mtego mkubwa wa kununua kwa bei ya chini. Iwe IP67 (isiyoingiza vumbi wala maji) kama inakaa nje, na sehemu yenye gesi ya kulipuka lazima iwe na cheti cha ATEX au IECEx. Ya haidroliki ni kwa mavalvu makubwa sana yanayohitaji nguvu kubwa. Solenoidi, ya sumaku ya umeme, ni kwa vibomba vidogo, iko wazi au imefungwa.

Toki, yaani nguvu ya kuzungusha valvu, usipime kwa hesabu kavu. Chukua ile ya kuondoa valvu kwenye siti ikiwa na presha kamili, ongeza asilimia 25 hadi 30, kwa sababu valvu iliyokaa wiki tatu bila kusogea inang'ang'ania. Na hakikisha flanji ya kushikiza akchueta kwenye valvu ni ya kiwango cha ISO 5211, ili siku akchueta ikifa ununue ya kampuni nyingine na iingie bila kuchonga chochote.

Kuhusu mipaka ya presha, kuna kitu kinawapotosha wengi. Valvu ya chuma cha kaboni ya daraja la presha la 150 inabeba bar 19.6 kwenye joto la kawaida, ila kwenye nyuzi 200 inabaki 13.8 na kwenye 300 ni 10.2, kwa hiyo mtu wa stimu asisome namba ya juu tu. Raba nazo, EPDM ni nzuri kwa maji ya moto lakini mafuta yanaivimbisha, NBR inapenda mafuta, Viton inavumilia mafuta na joto ila kwa stimu usiipeleke.

La mwisho ni mwendo wa kufunga, hili wanalisahau hata mafundi wazuri. Maji yanayotembea mita 1 kwa sekunde kwenye bomba la chuma, ukiyasimamisha ghafla, presha inaruka kwa kama bar 12 juu ya ile iliyokuwepo. Wimbi la presha linakimbia karibu mita 1200 kwa sekunde, so kwenye bomba la mita 600 linaenda na kurudi kwa sekunde 1, na ukifunga ndani ya hiyo sekunde unapata pigo lote. Akchueta ya hewa inaweza kufunga kwa chini ya sekunde, kwa hiyo agiza na vidhibiti vya mwendo kwenye tundu za kutolea hewa, uvirekebishe mpaka kufunga kuchukue mara kadhaa ya muda ule, na muuzaji akuletee valvu na akchueta vikiwa vimefungwa pamoja na vimejaribiwa pamoja, pamoja na karatasi ya jaribio inayoonyesha sekunde za kufunga.