Tathmini ya Jaeger, kifuatilia maombi kwa mifumo ya huduma ndogo ndogo

Timu inapoigawa programu moja kubwa kuwa huduma ndogo ndogo zinazowasiliana kwa mtandao, hupoteza mapema uwezo wa kuona kosa limeanzia wapi, kwa sababu ombi moja la mteja hupita kwenye huduma nyingi na kila moja ina kumbukumbu zake za matukio (logs). Jaeger ilianza kutengenezwa ndani ya Uber mwaka 2015 kwa ajili ya tatizo hilo, ikatolewa kama programu huria mwaka 2017. Kufikia mwaka 2020 kampuni hiyo ilikuwa na huduma muhimu zipatazo 2,200, idadi ambayo hakuna mhandisi awezaye kuishika kichwani.

Kuijaribu ni rahisi: unawasha kontena moja (kifurushi chenye programu na vyote inavyohitaji ili iendeshwe), kisha unafungua kivinjari kwenye poti 16686. Uzuri wake mkubwa uko kwenye ukurasa wa ombi moja, ambao huchora kila hatua kwa mstari wa mlalo wenye urefu unaolingana na muda uliotumika. Katika mfumo wa mauzo nilioushughulikia, huduma ya oda ilikuwa ikiiuliza huduma ya bidhaa bei ya kila kitu kilichomo kikapuni, kimoja baada ya kingine, na mistari mifupi ikashuka kama ngazi hadi chini ya skrini. Programu ilipokuwa moja, maswali hayo yaliishia ndani yake na hayakumchelewesha mtu. Baada ya kugawanywa, kila swali lililipiwa safari ya kwenda na kurudi mtandaoni. Tulipoiwezesha huduma ya bidhaa kupokea orodha yote kwa mkupuo, ukabaki mstari mmoja.

Hata hivyo, Jaeger huonyesha kile tu ilicholetewa. Kila huduma inapaswa kupokea kitambulisho cha ombi na kukipeleka mbele, na ombi likiingia kwenye foleni ya Kafka, programu ya kupitishia ujumbe kati ya huduma, bila kitambulisho hicho kupachikwa kwenye ujumbe, mfuatano hukatika na sehemu iliyobaki huonekana kama ombi jingine kabisa. Kazi ya kuziba mianya hiyo, hasa palipo na lugha kadhaa za programu, ni nzito kuliko usakinishaji wenyewe.

Kontena ile ya majaribio huhifadhi data kwenye kumbukumbu ya muda inayofutika ikizimwa, kwa hiyo kazi halisi inahitaji hifadhidata kama Cassandra au Elasticsearch, nayo inataka wa kuitunza. Aidha, usipopanga kiwango cha sampuli, yaani sehemu ya maombi itakayorekodiwa, seva ya Jaeger huzielekeza huduma zinazoiuliza kuchukua ombi 1 kati ya 1,000. Kwa duka dogo, malipo machache yaliyokwama huenda yasionekane kamwe.

Kwa timu yenye huduma tatu siipendekezi, kwani namba moja ya ombi inayorudiwa katika kumbukumbu zote inatosha. Kwa wanaojiandaa kugawanya mfumo mkubwa, ninashauri waisakinishe kabla ya huduma ya kwanza kutenganishwa, ili wawe na vipimo vya programu ikiwa bado nzima vya kulinganishia.