Seti ya spea za giaboksi ya Muncie M20: nunua, ila fungua giaboksi kwanza

Haya wadau wa magari ya zamani, wengi mmekuwa mkiniuliza hii seti ya kufufua giaboksi niliyoagiza mtandaoni ilikuwaje, kama inastahili hela au ni makaratasi matupu. Jina la duka siliweki, nitasema nilichokuta kwenye boksi na kilivyofanya kazi.

Gari ni hotirodi, yaani gari la zamani lililowekewa injini yenye nguvu, bodi ya Ford Model A ya 1931, injini Chevrolet 350, na hiyo giaboksi ni Muncie M20 ya gia nne ambayo jamaa mmoja hapa Ohio alikuwa ameilaza garajini kwake mpaka buibui wakahamia. Muncie ni kazi ya General Motors, zilitoka 1963 mpaka 1974, jina ni la mji wa Muncie kule Indiana zilikoundwa, na ndizo zilizokuwa kwenye Corvette, Chevelle, Camaro na Pontiac GTO zile za klachi. M20 uwiano wa gia yake ya kwanza ni 2.52 kwa 1 (zile za mpaka 1965 ni 2.56), ndugu zake M21 na M22 ni 2.20. Hiyo M22 meno yake yamelala kidogo tu ndio maana inalia ukiwa barabarani, watu wanaitafuta kwa udi na uvumba kwa sababu ya huo mlio, mimi kwa gari jepesi kama hili naona ni sifa tu, M20 inatosha na inaondoka vizuri kwenye mataa.

Kabla hujafungua pochi hakikisha ulichonacho ni Muncie kweli manake kuna watu wanauza Saginaw, giaboksi nyingine ya General Motors, kwa bei ya Muncie na ukiangalia haraka zinafanana. Angalia leva ya rivasi. Kwenye Muncie iko nyuma kwenye mkia wa giaboksi, kwenye Saginaw leva zote tatu ziko kwenye kifuniko cha pembeni. Ukihesabu bolti za hicho kifuniko Muncie ina 7, ukikuta 9 hiyo ni T-10 ya BorgWarner. Halafu kuna suala la leishafti, ile shafti ya chini, mpaka 1965 ilikuwa na unene wa inchi 7/8, kuanzia 1966 ni inchi 1 kamili, na seti hazichangamani hata kidogo. Usiamini namba zilizogongwa nje peke yake, hizi giaboksi zina zaidi ya miaka 50 zimepita kwa mafundi wangapi sijui, ndani unaweza ukakuta mchanganyiko wa miaka mitatu. Pima shafti yenyewe.

Sasa seti. Nililipa karibu dola 200 na posta. Ndani kuna beringi kubwa mbili ya mbele na ya nyuma, pete nne za shaba za sinkro (zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana), sindano za leishafti (vijiti vyembamba vya chuma vinavyofanya kazi ya beringi), washa zake, saklipu (pete za kuzuia beringi zisitoke), gasketi zote, bushi na oilsili ya mkiani, na sili za leva. Beringi kubwa sina neno nazo, zimeandikwa Japan, ukizizungusha mkononi zinakwenda kimya. Pete za sinkro ndizo zilizonifurahisha zaidi, na hizo ndizo roho ya kazi nzima, giaboksi ikikwaruza ukishusha kwenda gia ya pili kitu cha kwanza kushuku ni hizo. Namna ya kuzijaribu ni rahisi, weka pete kavu juu ya koni ya gia, ibane kwa mkono, izungushe, inatakiwa ishike palepale isiteleze, na kati ya pete na yale meno madogo ya gia kuwe na nafasi unayoiona kwa macho. Zangu zote nne zilishika. Za zamani zilikuwa zinateleza kama sabuni.

Sindano hapo ndipo waliponiudhi. Leishafti ya inchi 1 inataka sindano 112, zinakaa safu nne za 28, na pakiti ilikuja pungufu. Najua mtu atasema ni vitu vidogo lakini hebu fikiria umeshaosha kila kitu, umeshapaka grisi, unapanga sindano moja moja ndani ya ile gia kubwa, safu ya mwisho inakataa kujaa. Huwezi kuacha pengo na huwezi kuchanganya na za zamani manake zilizotumika zimelika, mzigo wote unaangukia zile mpya. Duka sikatai walituma nyingine bure bila maneno mengi, lakini kazi ilisimama. Ukipokea seti hesabu sindano kabla ya kitu kingine chochote, zimwage kwenye trei yenye sumaku uzihesabu.

Na kuzipanga kwenyewe tafuta kipande cha fimbo ya mbao chenye unene wa ile shafti, kikate kiwe kifupi sawa na urefu wa gia, kiingize katikati halafu panga sindano kukizunguka na grisi ya kutosha, wengine wanatumia vaselini kwa sababu inayeyuka kwenye oili baadaye. Gia ikishakaa mahali pake unasukuma shafti ya kweli na ile fimbo inatokea upande wa pili. Bila hiyo utazipanga mpaka kesho.

Karatasi ya maelekezo ni aibu jamani. Picha moja ya giaboksi iliyotawanywa, imefotokopiwa mpaka imekuwa nyeusi, hakuna hata sentensi moja inayosema nati ya beringi ya mbele ni ya kinyume. Hiyo nati unaifungua kwa kuzungusha kuelekea mshale wa saa, asiyejua ataikaza mpaka aharibu uzi wa shafti. Wala hawasemi kwamba mkia hautoki mpaka uipige ile pini ya leva ya rivasi, na inapigwa kutokea chini kwenda juu sababu imechongoka, halafu unaivuta shafti ya leva nje kidogo ili foki iachie gia ya rivasi. Nimeona hauzingi za watu, yaani ganda la nje la giaboksi, zimepasuka hapo, mtu analazimisha na nyundo. Saklipu nazo wameweka saizi moja kwa beringi ya nyuma wakati zilitengenezwa za unene tofauti ili uchague inayobana bila kuacha mchezo, ya kwangu ilibidi ninunue nyingine pembeni.

Ila kubwa kuliko yote hakuna duka litakwambia ukiwa unaagiza, nalo ni hauzingi. Muncie hauzingi yake ni alumini na leishafti ni chuma, inatakiwa iingie kwa kugongwa. Ikiingia kwa kusukuma na kidole basi tundu limeshapanuka, shafti itakuwa inacheza na kuzunguka humo ndani, oili itavuja mbele iende kwenye klachi, na gia hazitakutana sawasawa hata uweke pete za dhahabu. Yangu ilikuwa hivyo. Mzee mmoja wa karakana ya mashine alilitoboa tundu upya akaweka bushi, akanitoza zaidi ya nusu ya bei ya seti yenyewe, na ile ndiyo hela niliyoitumia kwa akili kuliko zote kwenye huu mradi. Kwa hiyo mtu akiniuliza seti ni shilingi ngapi namjibu sijui mpaka uitoe leishafti yako. Fungua, osha, pima, angalia meno ya gia kama hayajamegeka, manake seti haina gia hata moja, ukihitaji gia hesabu inabadilika kabisa na pengine unaacha tu.

Kwa hiyo seti naipa nyota tatu na nusu kati ya tano, beringi na pete zimeibeba, sindano na ile karatasi zimeishusha.

Oili msiweke GL-5 kwa kudhani namba kubwa ni bora, hizo GL ni madaraja ya oili za gia. Nyingi zina viungo vya salfa kwa ajili ya difu na vinaweza kula shaba, ambazo ndizo hizo pete ulizotoka kununua. Weka GL-4 ya 80W-90, mimina mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la pembeni, funga. Mwanzo gia ya pili itakuwa nzito nzito hasa asubuhi ya baridi, usiilazimishe, pete mpya zinajizoesha na koni zake, yangu sasa inashuka kutoka ya tatu kwenda ya pili kwa vidole viwili.